Binti anataka urubani: niuze kiwanja cha Nala au nivute subira? Waliopita njia hii naombeni mwongozo

#1 Mkazi wa Nkuhungu

Wakuu, mbukwenyi. Wasio Wagogo msishtuke, ni salamu tu.

Mimi ni mtumishi wa kawaida hapa Dodoma. Binti yangu wa kwanza kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia, hisabati), matokeo yako vizuri. Miaka yote nilijua anaelekea uhandisi pale UDOM, na hesabu nilishapiga: analala nyumbani, anakula nyumbani, nauli ya daladala, basi. Juzi kanikalisha chini. "Baba, mimi nataka kurusha ndege."

Tukanyamaza wote wawili. Mara ikapita ile ya mchana inayoshuka uwanjani. Mnaokaa upande wetu mnaijua, inapita juu ya mabati mpaka redio haisikiki. Akanyoosha kidole juu, hakusema neno.

Nimezunguka wiki nzima, kila mtu ana lake. Wa kwanza anasema kuna chuo, miaka mitatu, mtoto anatoka na cheti na leseni mkononi. Wa pili anasema achana na vyuo, peleka shule ya kuruka nje ya nchi, mwaka na kitu kamaliza. Wa tatu ni wakala. Huyu kanipa karatasi ya rangi yenye picha ya ndege kubwa na kijana kavaa miwani ya jua, anataka ada ya mwaka mzima ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi ili "kushikilia nafasi".

Nina kiwanja Nala. Barabara ya mzunguko imekipandisha bei, mteja yupo. Niuze? Na nikiuza, chuo au shule ya kuruka?

#2 Zabibu Chungu

Uza mzee. Akishakuwa rubani atakuwa anaviona viwanja vyote kutoka juu.

#3 Mama Ipagala

Kabla ya kuuliza humu, mama yake anajua habari ya hicho kiwanja?

#4 Mkazi wa Nkuhungu

Dada yangu, hilo swali naliruka kwanza.

#5 Kipanga Mstaafu

Ndugu Nkuhungu, hongera kwa kumsikiliza mtoto. Wengi wetu tulificha ndoto hii kwa wazazi mpaka barua zilipofika.

Nimestaafu. Nilianzia Soroti, Uganda, kile chuo cha urubani kilichoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Mtanzania, Mkenya na Mganda bweni moja, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa nani kamaliza maji ya moto. Kwa hiyo chuo nakiheshimu, ndiko nilikotoka. Lakini kuna jambo moja nataka ulishike kabla hujamwonyesha mtu yeyote hati ya kiwanja.

Chuo hakitoi leseni. Leseni inatolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwetu ni TCAA, na mamlaka haikuulizi umekaa darasani miaka mingapi. Inataka kujua umri wako, afya yako, mitihani uliyofaulu, na saa ulizoruka. Cheti cha chuo kinaweza kuwa kizuri, kina muhuri na kina fremu ya dhahabu, lakini huwezi kukipeleka hewani.

Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo nchi nyingi zinavifuata, viko hivi. Leseni ya rubani binafsi, PPL, umri miaka 17 na saa zisizopungua 40. Leseni ya biashara, CPL, umri 18 na saa 200, au 150 kama umesoma kozi moja mfululizo kwenye shule iliyoidhinishwa. Ndani ya hizo 200, saa 100 uwe wewe ndiye rubani mkuu, hakuna mwalimu wa kukushikia usukani (kwenye kozi ya mfululizo zinashuka hadi 70). Lazima pia kuwe na safari moja ndefu, si chini ya kilomita 540, unatua viwanja viwili tofauti. Kwa lugha ya nyumbani: unaondoka Dodoma, unatua Tabora, unanyanyuka tena unatua Mwanza, peke yako, na ramani magotini. Mimi yangu nilitua cha pili mvua ikiwa nyuma yangu kama mbwa aliyekata kamba. Halafu kuna ATPL, leseni ya juu, umri 21 na saa 1,500. Hiyo ndiyo inakufanya kepteni wa ndege kubwa.

Sasa angalia ile karatasi ya wakala. Imeandika saa ngapi? Kama imeandika "miaka" na "mihula" na haijaandika saa, hujauziwa urubani. Umeuziwa dawati.

#6 Dereva wa Boda Makole

Shikamoo kepteni. Naweka kambi hapa.

#7 Mnyaturu Mjini

Mzee hapo kwenye afya fafanua kidogo. Mdogo wangu aliambiwa ana miwani kwa hiyo asahau.

#8 Kipanga Mstaafu

Waliomwambia walimwonea. Miwani haikatazwi. Kinachoangaliwa ni kwamba ukiivaa, kila jicho lifike 6/9 (kipimo cha kuona mbali) au zaidi, na unatembea na ya akiba mfukoni.

Ila nishukuru umeuliza, maana hapa ndipo watu wanapoanzia mwisho. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya daraja la kwanza. Hakitolewi na daktari yeyote wa hospitali ya wilaya, kinatolewa kupitia daktari aliyeidhinishwa na mamlaka kupima watu wa anga. Wanapima macho, masikio, moyo, mapafu, mkojo, damu, wanakuuliza kama umewahi kuanguka kifafa, kuzimia, maradhi ya akili. Halafu wanakufungulia kitabu cha vidoti vya rangi chenye namba iliyojificha ndani. Asiyeona rangi sawasawa anaona vidoti vitupu. Bahati nzuri kwa wasichana tatizo hilo ni nadra sana kuliko kwa wavulana.

Na si kipimo cha mara moja. Kila miezi 12 unarudi. Nimekaa miaka mingi kazini, na hakuna asubuhi iliyokuwa inanipa jasho kama asubuhi ya daktari. Dhoruba ya Ziwa Victoria nafuu.

Kwa hiyo mpime kwanza. Ada ya vipimo si bei ya kiwanja.

#9 Simba wa Chang'ombe

Hili la kupima kwanza andikeni kwa herufi kubwa. Jirani yetu mmoja alimpeleka kijana nje, wakalipa muhula mzima, kufika kule kitabu cha vidoti kikamkataa. Pesa ya muhula ikarudi nusu, nyingine "gharama za usajili". Kijana sasa hivi anauza simu, na anauza vizuri, lakini ile nusu haikurudi.

#10 Saa Thelathini na Nane

Jina langu la humu ni historia yangu. Nimekuwa nasoma kimya nyuzi za namna hii miaka miwili, leo niseme.

Nilikwenda shule ya kuruka nje ya nchi. Nchi sitaji, shule sitaji. Karatasi yao ilikuwa kama hiyo ya mzee, miwani ya jua ipo. Ndani iliandika ndege tatu. Nilipofika, ndege tatu zilikuwepo kweli. Moja inaruka. Ya pili ilikuwa inasubiri propela tangu kabla sijazaliwa kishule. Ya tatu walikuwa wanaitoa vipuri kuihudumia ya kwanza, yaani ilikuwa inaliwa polepole na dada yake.

Tulikuwa wanafunzi 26. Ratiba inabandikwa ubaoni jioni, asubuhi unaamka saa kumi, unavaa shati jeupe, unafika, ndege imeharibika au mkufunzi hayupo au mafuta yamekwisha. Unarudi chumbani na shati lako jeupe. Mkufunzi mkuu akaondoka mwezi wa saba. Mwezi wa kumi na moja shule ikafunga mlango. Kitabu changu cha saa kilikuwa na saa 38. Baba alikuwa amelipa zote, mwaka mzima, mara moja, kwa sababu kulikuwa na "punguzo la anayelipa mapema".

Hata PPL sikufika, nilipungukiwa saa mbili. Saa mbili! Nikawaza sana juu ya hizo saa mbili.

Mzee Nkuhungu, kama kuna kitu kimoja utakichukua kwangu: usilipe mwaka. Lipa kwa saa. Weka za saa kumi, zikiisha weka tena. Shule inayojiamini inakubali. Inayokataa ina sababu, na sababu hiyo utaijua wewe baada ya pesa kufika kwao.

#11 Zabibu Chungu

Dah. Nilikuja kutania, nimekaa chini.

#12 Mama Ipagala

Pole sana mdogo wangu. Baba yako alichukuliaje?

#13 Saa Thelathini na Nane

Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ndiyo maana inauma.

#14 Fundi wa Hanga

Pole kaka. Alichoeleza huyu ni hesabu, na mimi ni fundi, hesabu hii naifanya kila siku. Ngoja niwawekee ili mzazi yeyote aweze kuipiga kwenye kikokotoo cha simu.

Ndege ya mafunzo, tuseme Cessna 172, ile ya watu wanne yenye bawa juu. Siku nzuri inaruka saa nne hivi, ukitoa upepo, mvua, kujaza mafuta na wanafunzi kubadilishana. Mwezi ukienda vizuri, saa 100. Na kila ikifika saa 50 inabadilishwa oili na kukaguliwa, ikifika saa 100 inaingia hanga, yaani karakana ya ndege, tunaifungua. Kwa hiyo ndege moja kwa mwaka, mambo yakinyooka, inatoa saa 1,200.

Darasa la wanafunzi 30, kila mmoja anataka saa 200. Hizo ni saa 6,000. Chuo kikiwa na ndege mbili zinazoruka, ni miaka miwili na nusu bila siku moja ya kuharibika. Kikiwa na moja, miaka mitano. Hapo bado hujaleta darasa la mwaka unaofuata, nao wanataka kuruka.

Ndiyo maana ukienda kukagua chuo usiulize "mna ndege ngapi". Watakujibu idadi, na zitakuwepo. Uliza "leo asubuhi zimeruka ngapi". Halafu uliza mwanafunzi, si mkuu wa chuo, kwamba mwezi uliopita karuka saa ngapi.

Kitu kingine ambacho wazazi hawaulizi kabisa ni mafuta. Nyingi ya hizi ndege ndogo za injini ya pistoni hazitumii mafuta ya jeti. Zinatumia petroli ya ndege, avigesi, ya rangi ya buluu, inaletwa kwa mapipa, ni ghali, na kuna wakati haipatikani. Ndege nzima kabisa inakaa wiki mbili kwa kukosa pipa.

#15 Mnyaturu Mjini

Kwa hiyo fundi unasema vyuo ni utapeli?

#16 Fundi wa Hanga

Sijasema. Mimi mwenyewe ni zao la chuo. NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar, wana fani za anga, ufundi wa ndege ukiwemo, na Benki ya Dunia kupitia mradi wa EASTRIP ilikiteua kuwa kituo cha umahiri upande wa usafiri wa anga. Ninachosema ni kwamba kuna vitu viwili vinauzwa kwenye duka moja: elimu na saa. Elimu chuo kinaweza kukupa bila ndege hata moja. Darasa la CPL lina sheria za anga, ujuzi wa ndege na injini, mizani na mpango wa safari, mwili wa binadamu angani, hali ya hewa, urambazaji, taratibu za uendeshaji, kanuni za kupaa, na mazungumzo ya redio. Masomo tisa. Hayo hata Nkuhungu unaweza kuyasoma. Saa haziwezi kusomwa.

#17 Mgogo Ughaibuni

Niko Marekani, mwaka wa tatu, programu ya urubani ya chuo kikuu, digrii ya miaka minne. Acha niseme upande wa pili maana naona chuo kinapigwa.

Huku digrii ina thamani ya saa, kwa maana halisi kabisa. Baada ya ajali ya ndege ya abiria ya 2009 karibu na Buffalo, sheria ikabadilishwa na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na leseni ya juu, yaani saa 1,500. Lakini aliyemaliza digrii ya urubani kwenye chuo kilichoidhinishwa kwa utaratibu huo anaruhusiwa kwa 1,000. Saa 500 zimelipwa na darasa. Na CPL yenyewe kwenye kozi iliyoidhinishwa ni saa 190 badala ya 250 za njia ya kawaida. Kwa hiyo Mmarekani anayekwenda chuo ana sababu ya wazi, anaweza kuihesabu kwa vidole.

Tatizo ni Mtanzania kuiga njia hiyo bila kuangalia anarudi wapi. Ukirudi nyumbani, zile saa 500 hakuna anayekupunguzia. Leseni ya huku unaibadilisha, unafanya mtihani wa sheria za kwetu, vipimo vya afya vya kwetu, unajaribiwa na mkaguzi, na unaanza kutafuta saa kama wenzako. Digrii inabaki kuwa digrii. Inasaidia ukikosa cheti cha afya miaka ya mbele, unaweza kuingia ofisini, uendeshaji wa viwanja, usalama. Mimi nalala vizuri kwa sababu hiyo. Lakini ni bima, si mabawa.

Na gharama msiulize. Ada ya chuo ni moja, saa za ndege ni nyingine, inalipwa pembeni. Wazazi wengi wanaona ya kwanza wanashangilia. Halafu raia wa kigeni lazima apitishwe kwenye uchunguzi wa usalama kabla hajagusa ndege, na visa ya mwanafunzi haikuruhusu kwenda kufundisha nje ya chuo kutafuta hela unavyotaka.

#18 Dereva wa Boda Makole

"Ni bima, si mabawa." Hiyo naichora nyuma ya boda.

#19 Treni Damu

Mnahangaika bure. Tangu SGR ianze 2024 nani anapanda ndege Dar–Dodoma? Mpeleke binti akasomee udereva wa treni.

#20 Rubani wa Vumbi

Treni Damu, marubani wa nchi hii hawaishi kwa Dar–Dodoma. Wengi wetu wenye leseni mpya tunaanzia kwenye Cessna Caravan, injini moja, tunapeleka watalii Serengeti na Zanzibar, tunatua kwenye viwanja vya changarawe baada ya kupita chini kufukuza nyumbu. Treni haijafika Seronera.

Nilikuwa nasoma tu, lakini kuna jambo la Dodoma yenyewe mzee alijue, hasa kama kuna mtu atamwambia shule ya tambarare ya pwani ni sawa na popote.

Uwanja wa Dodoma uko mita 1,120 hivi juu ya bahari, kama futi 3,670. Saa nane mchana mwezi wa kumi, joto 32, hewa inakuwa nyepesi, na ndege inajiona iko futi 6,500. Haidanganyiki kwa macho, yenyewe inahisi hewa. Injini inapumua kidogo, bawa linabeba kidogo. Rubani aliyejifunzia usawa wa bahari anasukuma gesi mpaka mwisho, anasubiri ndege inyanyuke pale alipozoea, hainyanyuki. Njia inakimbia chini yake. Ikinyanyuka inapanda kwa uvivu, na mbele kuna vilima. Hapo ndipo unajua nani alisoma na nani alikariri.

Ukiongeza visulisuli vya vumbi vya kiangazi, mchana wa Dodoma ni mwalimu mkali. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, ni maziwa. Kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua ni nadra, anga safi, unaona Mlima wa Simba tangu mbali. Kwangu mimi mkoa huu ungefaa sana kwa shule ya kuruka, na Msalato uwanja mpya ukichukua ndege kubwa, huu wa mjini ungetosha kabisa kwa watoto kujifunzia. Hayo ni maoni yangu, hakuna aliyeniuliza.

#21 Zabibu Chungu

Na nyama ya mnada wa Msalato je, inaathiri uzito wa ndege?

#22 Rubani wa Vumbi

Inaathiri sana. Abiria mmoja tulimpima Jumamosi jioni, ikabidi tushushe begi.

#23 Mkazi wa Nkuhungu

Wakuu nimesoma yote mara mbili, na binti kasoma. Ile hesabu ya fundi kaiandika kwenye daftari.

Kijana wa saa 38, sina maneno. Nilikuwa nimebakiza siku nne kufanya kitu kilekile alichofanya mzee wako.

Maswali mawili yamebaki. Bodi ya Mikopo inaingia hapa? Na akishapata CPL anapata kazi?

#24 Mgogo Ughaibuni

Bodi inakopesha wanaosoma vyuo vya ndani vinavyotambuliwa, kwa fani na vigezo vya mwongozo wa mwaka husika. Shule ya kuruka ya nje weka nje ya mpango huo. Kama atasoma chuo cha ndani, chukueni mwongozo wa mwaka huu, someni wenyewe, msimwachie mtu wa steshenari.

#25 Rubani wa Vumbi

La kazi nikujibu mimi bila sukari. CPL yenye saa 200 ni kama leseni ya gari ya mtu ambaye hajawahi kwenda Singida usiku. Inaruhusu, haiajiri. Makampuni yanataka saa zaidi, yanataka ndege ya injini mbili, yanataka kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani ndani ya mawingu bila kuona nje. Hizo zote ni pesa juu ya pesa ya CPL, uliza kama zimo kwenye bei uliyopewa. Kwenye karatasi nyingi hazimo.

Ukienda mashirika ya ndege kubwa, ATR au Dash 8 au Airbus, kila aina ya ndege ina mafunzo yake mahususi na mtihani wake. Kampuni nyingine inakulipia na kukufunga mkataba, nyingine inataka uje nayo.

Mimi baada ya CPL nilikaa miezi kumi na nne bila kazi. Nilifundisha hesabu tuisheni. Nilikuwa naenda uwanjani na kitabu changu cha saa kwenye bahasha ya kaki, nakaa, naamkia marubani. Ilifika mahali mlinzi ananiita kepteni kwa huruma. Halafu siku moja rubani msaidizi akaugua, nikaitwa kukaa kiti cha kulia. Mtoto aambiwe hivyo, kuna kipindi cha bahasha.

#26 Mnyaturu Mjini

Ila nasikia kuna watu wanajaza saa kwenye kitabu bila kuruka?

#27 Kipanga Mstaafu

Wapo, na tunaziita saa za kalamu. Mkaguzi akikaa naye dakika kumi hewani anajua. Na mkaguzi asipojua, siku ya upepo wa ubavuni itamjua. Tusilizungumze zaidi mbele ya mtoto.

Niongeze kimoja kilichosahaulika: Kiingereza cha redio. Kimataifa inatakiwa daraja la 4 kwenda juu, na ukiwa la 4 unapimwa tena kila miaka mitatu. Si Kiingereza cha insha. Ni kusikia sauti inayokwaruza, mtu wa lafudhi usiyoijua, anataja namba sita mfululizo, unazirudia bila kukosea huku mikono ina kazi nyingine. Aanze leo kusikiliza.

#28 Mama Ipagala

Kaka Nkuhungu, swali langu la post namba 3 bado liko hewani, na halina mafuta.

#29 Mkazi wa Nkuhungu

(Wiki tatu baadaye)

Mrejesho wakuu.

Mama yake nilimwambia. Alinitazama kama dakika mbili, akasema, "Kiwanja ni cha watoto wanne, si cha rubani mmoja." Hakuna chuo kilichonifundisha hesabu kama hiyo.

Wakala nilimpigia, nikamwambia nitalipa kwa saa kumi kumi. Akasema atarudi na jibu kutoka kwa wakubwa. Mpaka leo wakubwa wako kikaoni.

Tulipanda treni kwenda Dar (Treni Damu furahi), akapimwa. Macho alipewa miwani ya mbali, vidoti vya rangi alivisoma haraka mpaka daktari akamwambia punguza mwendo. Moyo mzima. Cheti cha daraja la kwanza anacho. Alivyotoka na ile karatasi alikuwa amekaza uso, tulipofika nje akakaa kwenye ngazi akalia, nami nikakaa pembeni nikajifanya naangalia simu.

Tukiwa kule tulikwenda kukagua vyuo viwili. Kimoja tulipouliza "leo asubuhi zimeruka ngapi", mama wa mapokezi akatuomba tusubiri, tukasubiri saa moja na nusu, tukaletewa soda. Cha pili walituambia wazi kwamba upande wa kuruka foleni ni ndefu, lakini wakatuonyesha darasa na kutukutanisha na mwanafunzi. Yule wa soda hatukurudi.

Tulichoamua: anaanza masomo ya darasani ya CPL huku akifanya diploma ya ndani ambayo ada yake naimudu kwa mshahara. Akifaulu mitihani ya mwanzo, nakata kipande cha kiwanja, si chote, naanza na saa za PPL, kumi kumi. Tukifika 40 tunaangalia tena. Mama yake kakubali kwa sharti kwamba hiyo "tunaangalia tena" yeye awepo.

#30 Saa Thelathini na Nane

Nimefurahi mzee. Kweli.

Mwambie akifika saa 38 anitafute, nataka kumsindikiza hizo mbili.

#31 Fundi wa Hanga

Mnakata vitunguu humu ndani?

#32 Mkazi wa Nkuhungu

Saa 38, utakuja. Nimeandika.

Ombi la mwisho: binti anasema kwenye urambazaji kuna kikokotoo cha duara cha kuhesabu upepo na mafuta kwa mkono. Madukani hapa Dodoma nimezunguka, wananiletea vya hesabu za shule. Kuna mwenye kuuza kilichotumika?

#33 Kipanga Mstaafu

Ninacho. Cha alumini, nilipewa Soroti, kimefutika namba kidogo pembeni kwa kidole gumba changu lakini duara linazunguka. Hakitumii betri.

Siuzi. Aje achukue Jumamosi, nimfundishe pembe ya upepo, nusu saa inatosha. Akishapata leseni anirudishie, nina mjukuu darasa la tano ameanza kuuliza maswali.

#34 Mkazi wa Nkuhungu

Tunakuja mzee wetu. Nyama ya Msalato juu yangu.

#35 Zabibu Chungu

Mimi ni ndugu wa upande wa mama, Jumamosi saa ngapi?